Usiku mmoja Makindu, kwa Singasinga wa reli

Kitu cha kwanza nilichoambiwa Makindu ni nivue viatu na nifunike kichwa. Cha pili ni kwamba chakula kipo. Jina langu liliulizwa baadaye, nimeshashiba, na mzee wa ofisini aliliandika kwenye daftari la mistari taratibu, kama mwalimu anayejaza rejista. Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na minne, nimelala nyumba za wageni nyingi za semina na usimamizi wa mitihani, na kote huko kitambulisho ndicho kilichotangulia, kikafuatwa na pesa, ndipo ufunguo.

Naongea juu ya hekalu la Singasinga la Makindu, kaunti ya Makueni, lililo kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi. Wengi tunalijua kwa kulipita tu tukiwa ndani ya basi: ile bendera ya rangi ya machungwa kwenye mlingoti mrefu, halafu basi huyo limeshafika Kiboko. Watu hawajui kwamba ndani kuna vyumba vya kulala, kwamba msafiri yeyote hupewa chumba na chakula, na kwamba hadaiwi. Kuna sanduku la sadaka. Ukitia unatia, usipotia hakuna anayekutazama.

Mimi nilikwenda kwa sababu ya baba yangu.

Baba aliingia reli mwaka 1953, kwanza akiosha injini, kisha akawa fayamani, mtunza moto wa injini. Sisi tulikulia nyumba za reli Changamwe, na utoto wetu ulikuwa wa kubisha hodi usiku. Anayebisha alikuwa kolboi, kijana wa kuita wafanyakazi, ameshika taa mkono mmoja na daftari mkono wa pili. Baba alitia sahihi pale pale mlangoni kwamba ameitwa saa fulani, kolboi akaenda nyumba ya pili. Mama alikuwa ameshafunga sanduku la bati: unga wa mahindi, ng'onda, chumvi, majani ya chai, sukari, sufuria moja, kikombe kimoja cha bati cheupe chenye ukingo wa buluu. Kikombe hicho ninacho mpaka leo. Nilikwenda nacho Makindu.

Kijana aliyezaliwa juzi, anayepanda treni ya asubuhi Mombasa akala chakula cha mchana Nairobi, huenda asielewe kwa nini mtu wa reli alihitaji kulala njiani. Reli ya zamani ni kilomita 530 za kupanda, kutoka baharini hadi zaidi ya mita 1,600, na gari la mizigo lilikuwa likijikokota kupitia Taru, mahali ambapo maji yenyewe ni tabu. Injini ikinywa maji na mafuta inaendelea. Mtu haendelei. Kwa hiyo shirika liliweka nyumba za mapumziko kwenye stesheni kubwa, wenyewe wakiziita raningirumu. Unashuka kwenye zamu, unaoga, unapika, unalala, unaamshwa, unapanda gari la kurudi. Ya Voi ndiyo baba aliyoizungumzia zaidi. Vitanda vya chuma, alisema, na godoro halikuwahi kupoa, maana anayeamka anampisha anayeingia. Palikuwa na mpishi mzee aliyetunza moto na kujua sanduku la nani lina nini. Na palikuwa na sheria moja ambayo hata walevi waliiheshimu: usipige kelele, kuna mtu analala. Aliyekuwa hajalala vizuri anakwenda kushika moto wa injini. Kelele yako ya leo inaweza kuwa ajali ya kesho.

Mwaka 1955 zikaanza kuja zile injini za mvuke za Garratt za daraja la 59 kutoka kiwanda cha Beyer Peacock kule Manchester, 34 kwa jumla, kila moja tani 252, zimepewa majina ya milima yetu. Hizo zilipakwa rangi nyekundu iliyoiva, na hapakuwa na injini ya mvuke ya reli ya upana wa mita moja duniani iliyozishinda nguvu. Zilichoma mafuta mazito, si makaa, kwa hiyo fayamani hakuwa mtu wa koleo kama watu wanavyodhani. Kazi yake ilikuwa jicho na mkono. Baba alikuwa akituonyesha kwa kijiko cha sukari: unachota mchanga mkavu, unaupeleka kwenye tundu la tanuri injini inapovuta kwa nguvu, na moto unaunyakua wenyewe, unapita ndani ya mabomba ukiyasugua masizi, kisha angani panatoka moshi mweusi kama usiku. Baada ya hapo moshi unakuwa mwembamba na injini inapumua. Alituonyesha hivyo mezani, na mama alikuwa akimnyang'anya kijiko.

Kwa injini hizo kubwa utaratibu wa kulala nao ulibadilika. Nyuma ya injini lilifungwa behewa la kulala, kabusi, na timu mbili zikasafiri pamoja: hawa wako kazini, wale wamelala, kisha wanabadilishana. Kitanda kikawa kinakwenda na kazi. Baba hakulipenda behewa hilo. Joto, harufu ya mafuta, na mtikisiko unaokutupa kila gari linapovuta. Dirisha lake halikufunguliwa usiku hata kama mnachemka, kwa sababu kila mtu wa reli alikijua kisa cha Ryall, yule afisa wa polisi aliyelala ndani ya behewa Kima mwaka 1900 akimvizia simba, simba akaingia akambeba. Behewa lenyewe liko makumbusho ya reli Nairobi, na injini ya 5918, Mount Gelai, iko hapo hapo. Anayependa mambo haya aende. Mimi nilikwenda nikasimama mbele ya Mount Gelai nikaweka mkono kwenye chuma. Lakini pale hulali wala huli, na mimi nilitaka kulala na kula.

Basi nilianzia Voi. Nilipanda treni ya kaunti hadi kaunti kutoka Mombasa, nikashuka, nikachukua chumba kwenye nyumba moja ya wageni ambayo sitaitaja. Imejaza picha za gari la moshi ukutani na kwenye orodha ya chakula, na ndiyo iliyonivuta. Nilimuuliza binti wa mapokezi kama anajua raningirumu ya zamani ilikuwa wapi. Hakuwahi kulisikia neno lenyewe, na meneja wake pia. Hilo si kosa lao sana. Kosa ni muziki uliopigwa chini ya dirisha langu hadi saa nane za usiku, neti yenye tundu ninaloweza kupitisha ngumi, na bomba lisilotoa hata tone alfajiri, kwa shilingi 2,500. Nililala macho nikimfikiria yule mpishi mzee na sheria yake. Ukiziweka picha za watu wa reli ukutani, waheshimu walichokihitaji: usingizi na maji.

Asubuhi nikapanda treni tena hadi Kibwezi, kwani ya siku hizi haisimami Makindu, nikamalizia kwa matatu. Jina la mji linatokana na mikindu, ile miti ambayo mama zetu pwani husukia mikeka kwa ukindu wake. Mkindu hauoti pasipo maji, na maji ndiyo yaliyofanya reli isimame pale. Walioijenga walitoka Bara Hindi, karibu watu 32,000, na takriban 2,500 kati yao walikufa kabla ya kazi kwisha. Kisha wakabaki baadhi, mafundi, madereva, magadi wa gari la moshi, masta wa stesheni. Makindu walikuwa wakikusanyika chini ya mti kumwimbia Mungu, Singasinga kwa Mabaniani kwa Waislamu, halafu pakawa na kibanda cha mabati. Mwaka 1926 Singasinga wa reli wakajenga hekalu. Yaani nyumba hii ya wageni, kabla haijawa ya wenye mabasi na malori, ilikuwa ya watu wa gari la moshi.

Sasa vyumba. Ni vya kawaida kabisa na ndivyo vinavyotakiwa kuwa. Nilipewa chenye vitanda viwili, godoro gumu la kutosha mgongo wangu, shuka nyeupe zilizofuliwa hadi zimelainika, feni, na bafu lenye maji yanayotoka. Sakafu ilikuwa inanukia dawa ya usafi. Hakuna televisheni. Hakuna picha za kupendeza macho. Nilivuta pazia nikaona kijana anafagia majani uani kwa mfagio wa njiti, mistari yake imenyooka. Malori ya barabara kuu unayasikia kwa mbali usiku, lakini ndani ya ua hakuna sauti. Nililala saa saba mfululizo, na wenye umri wangu wanajua thamani yake.

Chakula ndicho nilichokiendea hasa, kwa hiyo niruhusuni nikae hapo kidogo.

Unaingia ukumbi wa chakula pekupeku. Unachukua sahani ya chuma inayong'aa, yenye vyumba kama sahani za bweni. Unaketi kwenye jamvi, mstari mmoja na wengine, na wanaogawa wanapita na ndoo. Siku hiyo palikuwa na dengu nzito, viazi na koliflawa, wali, mtindi, na chapati. Chapati zao si zetu za kukunja kwa mafuta. Ni nyembamba, zimechomwa kwenye chuma kikavu na kupakwa samli juu, na unazipokea kwa mikono yote miwili, viganja vikiwa juu, kama anayepokea maji ya udhu. Niliiga aliyekuwa pembeni yangu. Alikuwa utingo wa lori, kijana wa Kikamba, kofia ameigeuza mbele nyuma na juu yake amefunga leso waliyompa mlangoni. Upande wangu wa pili ameketi mama wa Kihindi mwenye bangili za dhahabu hadi nusu ya mkono. Mbele yetu familia iliyokuwa ikipeleka mgonjwa Nairobi. Ndoo ilipita kwa utaratibu wa mstari. Bangili hazikumtanguliza mtu na kofia haikumchelewesha mtu.

Na hapo ndipo nilipomwelewa baba.

Wakati wa mkoloni reli ilikuwa na watu wa namna tatu: Mzungu, Mhindi, Mwafrika. Mshahara namna tatu, nyumba namna tatu, choo namna tatu. Baba na dereva wake, Singasinga mmoja ambaye yeye alimwita Sardarji tu, walikaa ndani ya kibanda kimoja cha injini kwa muda wa saa nane, jasho lao likidondoka kwenye chuma kimoja, mmoja akikosea wote wanakufa. Wakifika Voi, Sardarji anaelekea mlango wake na baba anaelekea wake. Baba alilisema hilo bila hasira, na kwangu ndivyo lilivyouma zaidi. Lakini injini ikisimama Makindu kunywa maji na kukiwa na nafasi ya kungoja gari la upande wa pili lipite, Sardarji alimwambia, "Haya, twende." Walivuka, wakanawa, wakafunga vitambaa kichwani, wakaketi jamvi moja, goti kwa goti. Baba alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Alikuwa hajawahi kugawiwa chakula na mtu asiyekuwa mweusi. Alituambia dengu ile ilimshinda kumeza mara ya kwanza, si kwa ladha.

Nilipokuwa mtoto nilifikiri ni hadithi ya chakula.

Utaratibu huo wa kula chini, mstari mmoja, haukubuniwa Makindu. Unaitwa langar, ni wa dini yao tangu enzi za Guru Nanak aliyezaliwa 1469, na makusudi yake ni kwamba tajiri na maskini wakae usawa mmoja wanapokula. Mzee wa ofisini alinieleza hayo nilipomuuliza kwa nini hawaweki bei hata ndogo. Alinieleza kwa Kiswahili kizuri cha bara, kisha akaniuliza nimetoka wapi. Nilipomwambia baba yangu alikuwa fayamani wa Garratt, aliinuka kitini. Hakusema neno kwanza. Halafu akasema, "Basi wewe si mgeni, mama," akanipeleka mwenyewe kwenye ukumbi wa ibada.

Pale mlangoni pa ukumbi wa ibada hutoa halua. Sisi watu wa pwani tuna halua yetu na tunajivunia, nyeusi, inayovutika, ya iliki na lozi. Yao ni ya unga wa ngano uliokaangwa kwa samli na sukari, ya moto, laini kama uji mzito, na haitolewi kwa sahani wala kijiko. Inawekwa kiganjani. Inakuachia samli kwenye mistari ya mkono, na hakuna pa kupangusia, kwa hiyo nilifanya kama wanavyofanya wenyewe: nikasugua viganja vyangu pamoja mpaka samli ikaingia ndani ya ngozi. Mikono ilinukia hivyo mpaka usiku. Baba alirudi nyumbani akinukia mafuta ya injini siku zote, lakini mama alisema kuna safari alizorudi akinukia samli, na alikuwa akimuuliza ni nani huyo anayempikia. Baba akicheka. Mama amefariki bila kuamini kabisa jibu lake.

Wanaotaka kwenda wajue mambo machache. Hakuna nyama, hakuna pombe, hakuna sigara, na usijaribu kuficha hata pakiti mfukoni. Leso au mtandio wako mwenyewe ni bora kuliko vitambaa vya mlangoni vinavyozunguka vichwani siku nzima. Wenye magoti mabovu waseme, watapewa mahali pa kukaa pasipo chini. Kabla ya alfajiri utasikia maombi, kinanda cha mkono na tabla, vyombo vile vile tulivyovizoea kwenye taarabu, na kama usingizi wako ni mwepesi utaamka. Mimi niliamka nikabaki kitandani nikisikiliza, nikawaza kwamba kwa mara ya kwanza tangu Changamwe kuna aliyeniamsha usiku kwa jambo la maana. Siku za mwisho wa wiki hujaa familia kutoka Nairobi na Mombasa, nenda katikati ya juma. Na kwa sababu ni pahala pa ibada, anayetafuta bwawa la kuogelea na bia baridi atafute kwingine, barabara ile haikosi.

Nisiliache jambo moja. Nimewasikia watu wakijisifu mitandaoni kwamba Makindu ni pa "kula bure", wanasimamisha gari zima la harusi, wanakula, wanaacha sahani jamvini, wanaondoka. Inanikera. Kila sahani pale mtu ameiosha kwa mikono yake, na wengi wanaoosha ni watu waliokuja kujitolea. Baada ya chakula cha jioni nilipanga mstari kwenye karo nami nikaosha. Hawakunikataza, walinisogezea tu nafasi na dawa ya sabuni. Nilikuwa katikati ya mwanafunzi wa chuo kikuu na mzee mwenye ndevu nyeupe za kufika kifuani. Nilipotoa kikombe cha baba kwenye mkoba ili nikisuuze, mzee alikichukua, akakigeuza, akagusa ile sehemu ya ukingo iliyobanduka rangi ikabaki chuma cheusi. Akaniambia baba yake alikuwa nacho kama hicho. Alikuwa gadi wa reli. Kisha akakijaza chai ya maziwa kutoka kwenye birika kubwa akanirudishia, na tukaendelea na sahani.

Asubuhi niliweka kwenye sanduku zile shilingi 2,500 nilizolipa Voi, nikaongeza kidogo. Nilipokuwa navaa viatu mlangoni kijana wa jikoni alinifuata na chapati nne zimefungwa kwenye karatasi, bado zina joto, "za njiani, mama". Nilizila stesheni ya Kibwezi nikingoja treni ya kurudi.

Nimeshampigia simu mdogo wangu aliyeko Kisauni. Agosti tunakwenda wote wawili, tunalala siku mbili, na tunabeba gunia moja la unga wa ngano.